KENGELE YA JUNI: KAZI YA MWAKILISHI WAKATI WA KURA
Hotuba kwa wanachama wa Lamu na visiwa vyake



Sisi ni watu wa reli, na twajua mtauliza, watu wa reli wana shauri gani Lamu, mahali ambapo hapana hata futi moja ya reli? Ni kweli. Mpango wa LAPSSET ulipozinduliwa mwaka 2012 tuliahidiwa bandari na reli pia. Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, lakini reli haijafika. Hata hivyo kwetu ni huku, na jambo tulilokuja kusema ni la saa. Mambo ya saa watu wa reli tunayajua.

Jambo lenyewe ni kazi ya mwakilishi wa wadi katika mwezi wa Juni. Wengi wetu tunadhani kazi yake ni kuja matangani, kuchangia harusi na kusema vizuri barazani. Tukimkosa matangani twamlaumu mwaka mzima. Lakini siku ya kura hatuulizi alikuwa wapi.

Bunge la Kaunti ya Lamu lina wadi 10: Faza, Kiunga, Basuba, Shela, Mkomani, Hindi, Mkunumbi, Hongwe, Witu na Bahari. Kila wadi yachagua mtu mmoja, na wengine huingia kwa kuteuliwa na vyama. Kwa sheria, makadirio ya fedha yapaswa kuletwa Bungeni kabla ya Aprili 30 kupita, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1. Kwa hiyo kusoma, kusikiliza wananchi, kusahihisha na kupiga kura, yote hayana budi kwisha Juni 30.

Sasa itazameni siku yake. Asubuhi yuko katika kamati. Mbele yake pana kitabu cha makadirio, tarakimu ukurasa baada ya ukurasa: dawa za zahanati, walimu wa chekechea, maji, masoko, magati, mishahara ya wafanyakazi wa kaunti. Yampasa aulize kila fungu: mwaka jana lilipewa kiasi gani, na kazi ilionekana? Adhuhuri simu yalia. Huyu ana mgonjwa, yule ataka karo. Alasiri Bunge lakutana. Mswada husomwa mara ya kwanza, na mara ya pili ndipo hujadiliwa. Halafu Bunge zima hukaa kama kamati likapita kifungu kwa kifungu, na kila sahihisho huamuliwa peke yake. Mwisho ni kusomwa mara ya tatu. Usiku, mwenye bidii husoma karatasi za kesho.

Spika akiuliza, wenye kukubali hujibu Ndiyo, na wenye kukataa hujibu La. Sauti zikishindaniwa, kengele hupigwa, milango hufungwa, na watu huhesabiwa. Aliye nje hana kura, hata kama ameshika kitasa cha mlango.

Na tujue hesabu yenyewe. Ili kikao kiwe halali yatosha theluthi moja ya wajumbe wawepo. Hiyo ndiyo akidi. Uamuzi ni wa walio wengi kati ya waliopo na kupiga kura. Basi ikiwa imehudhuria theluthi tu, zaidi kidogo ya nusu yao wametosha kuamua juu ya kaunti nzima. Katiba yasema mwakilishi akikosa vikao 8 bila ruhusa ya Spika kwa maandishi, wala hana sababu ya kuridhisha, apoteza kiti. Lakini kikao kimoja tu cha Juni chaweza kutugharimu zaidi ya vyote vingine.

Tena Juni ni kusi. Mtu wa Witu ana barabara. Mtu wa Faza hupita Mkanda, na maji yakipwa chombo hukaa juu ya tope mpaka yajae. Mtu wa Kiunga ana bahari ndefu zaidi na mawimbi makubwa. Mwakilishi wa mbali asiyeondoka siku moja mbele atasikia matokeo kwa simu kama sisi.

Lakini tusimtazame yeye peke yake. Mwaka mmoja sisi, wafanyakazi tulioko hapa na tulioko Mombasa, tulikuwa na shauri la taa na ngazi za gati moja, mahali watu hushukia usiku. Tuliandika barua nzuri, yenye sahihi nyingi. Tukaipeleka wiki ya pili ya Julai. Mwakilishi akaisoma yote, akatuambia, "Ndugu zangu, mmeleta mzigo stesheni, na gari-moshi limekwisha ondoka." Mwezi wa Oktoba mwenzetu akateleza gizani pale pale, akavunjika mguu. Hatukuweza kumlaumu mtu. Tulikuwa tumechelewa wenyewe.

Kadhalika Juni 2023 Bunge la Taifa lilipitisha Sheria ya Fedha, mishahara ikaanza kukatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba. Novemba Mahakama Kuu ikasema makato hayo ni kinyume cha Katiba. Machi 2024 ikatungwa sheria mpya, makato yakarudi. Wengi wetu tulipata habari ile ya kwanza katika karatasi ya mshahara. Hapo si mahali pa kusomea sheria.

Basi twaomba mambo matatu. Kwanza, tuandike maombi yetu Machi, tuyapeleke kwa kamati Mei, inaposikiliza wananchi. Pili, tujue mlango wa kubisha: zahanati, chekechea na magati ya vyombo vyetu ni kazi ya kaunti, reli na bandari kubwa ni kazi ya Serikali ya Taifa, tumwambie mbunge na seneta. Tatu, vikao ni vya wazi kwa watu wote. Tawi lichague wanachama wawili wakae kwa wasikilizaji siku za kura, waandike nani alikuwapo na alisema nini, nasi tusome karatasi yao mkutanoni.

Mwakilishi aliyekosa tanga letu kwa kuwa yuko kwenye kura, tumsamehe. Aliyekuja tangani akaacha kura, tumwulize.

Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako.