Jipu la Ndani ya Kichwa

Jipu la mguuni kila mtu hapa analijua. Linaiva, linapasuka, usaha unatoka, basi. Je, likiota ndani ya kichwa litapasukia wapi? Fuvu ni mfupa, halitanuki. Kinachofinywa ni ubongo.

Pabaya zaidi ni kwenye shina la ubongo, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo. Ni padogo, lakini ndipo kupumua na kumeza kunapoongozwa. Jipu la hapo ni nadra sana. Bakteria wake hutoka kwenye sikio linalotoa usaha, jino bovu, mapua, au huletwa na damu, hasa kwa mtoto aliyezaliwa na tundu moyoni. Kwa hiyo mama, sikio linalonuka miezi na miezi si jambo la kawaida. Na yale mafuta ya moto tunayotia sikioni, tuyaache.

Mgonjwa huumwa na kichwa siku nyingi, hutapika, huona vitu viwili viwili, uso huenda upande, chakula humpalia, mkono na mguu hulegea. Homa inaweza kukosekana, na hapo ndipo tunapopotea. Ikiwepo twasema ni malaria, twanunua vidonge dukani. Isipokuwepo twasema amerogwa.

Kupima damu peke yake hakutoshi. Inahitajika picha ya CT au MRI, na kwa shina la ubongo MRI huonyesha vizuri zaidi. Zahanati haina mashine hizo, kwa hivyo ombeni barua ya rufaa siku hiyo hiyo. Msishangae daktari akikataa kutoa maji ya mgongoni kabla ya picha, kwani ubongo uliofinywa unaweza kushuka na mtu akafa.

Jipu likiwa kubwa, mpasuaji hutoboa tundu dogo fuvuni, akanyonya usaha kwa sindano, nao hupelekwa maabara ijulikane dawa ipi inafaa. Likiwa dogo, pengine dawa pekee hutosha, huku picha zikirudiwa. Kabla ya CT kuanza miaka ya 1970 wengi walikufa. Siku hizi wengi wanaofika mapema hupona.

Lakini dawa yenyewe hupitia mshipani, kwa kawaida majuma sita hadi manane. Juma la pili mgonjwa anaongea, anakula, na jamaa wakiiona bili wanataka kumtoa. Usaha unarudi! Basi mkifanya harambee, msimalize pesa zote kwa gari la kumpeleka. Wekeni za juma la tano, na mpangane ni nani atamkamia ng'ombe.