Sheria ya Pombe Ianze na Anayeisimamia

(Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa walimu na watumishi wa umma.)



Kila mara suala la ulevi linapozuka mkutanini, hapakosi mtu wa kusimama na kusema, "Pombe ipigwe marufuku, yaishe!" Wala hapakosi wa kumjibu kwamba hakuna serikali iliyopata kuishinda pombe. Nakusudia kuonyesha kwamba wote wawili wanakosea, na kwamba ushahidi umo katika historia ya nchi zilizokwisha kujaribu.

Tuanze na Marekani. Tarehe 17 Januari, 1920, Marekebisho ya 18 ya Katiba ya nchi hiyo yalianza kutumika. Kutengeneza, kuuza na kusafirisha vileo kukawa kosa nchi nzima. Kunywa kwenyewe, hata hivyo, hakukukatazwa. Kwa hiyo tajiri aliyejaza ghala lake mapema aliendelea kunywa nyumbani kwake bila hofu, na kibarua akabaki kununua pombe ya magendo, ambayo mara nyingine ilikuwa sumu.

Na wakubwa je? Warren Harding, ambaye akiwa seneta aliyapigia kura marekebisho hayo, alipokuwa Rais aliwakirimu rafiki zake kwa wiski ndani ya Ikulu. Mlanguzi mmoja, George Cassiday, kwa miaka kadhaa aliwauzia wabunge pombe ndani ya majengo ya ofisi zao. Huko Chicago, Al Capone alijitajirisha kwa magendo hayo. Alipofungwa, kosa lililomtia hatiani mwaka 1931 lilikuwa kukwepa kodi. Unywaji ulipungua, hasa miaka ya mwanzo, lakini heshima ya sheria ilipungua zaidi. Tarehe 5 Desemba, 1933, marufuku ikafutwa.

Mfano wa pili ni Muungano wa Sovieti. Mwezi Mei 1985 serikali ya Mikhail Gorbachev ilianzisha kampeni kubwa. Maduka ya pombe yalipunguzwa, saa za kuuza zikafupishwa, bei ikapandishwa, na mashamba ya mizabibu yakang'olewa. Matokeo yake yanastahili kukumbukwa: nchini Urusi wastani wa umri wa kuishi wa wanaume uliongezeka kwa zaidi ya miaka miwili kati ya 1984 na 1987. Hayo ni maisha ya watu, si maneno ya jukwaani.

Lakini sukari ilitoweka madukani, kwa sababu wananchi waliinunua ili kupikia pombe ya kienyeji, ndugu wa gongo tunayoijua sisi. Hazina nayo, iliyokuwa imezoea kutegemea kodi ya vodka, ikapungukiwa. Ilipofika mwaka 1988 kampeni ilikwisha kulegezwa, na katika miaka iliyofuata vifo vikapanda tena. Serikali inayojaza mfuko wake kwa chupa hupata taabu kubwa kuivunja chupa hiyo.

Tusidhani kwamba mambo hayo ni ya zamani tu. Jimbo la Bihar, nchini India, lilipiga marufuku pombe mwezi Aprili 2016. Walioidai marufuku hiyo kwa sauti kubwa walikuwa wanawake waliochoka kupigwa na kuona ujira wa waume zao ukiishia kilabuni. Madai yao yalikuwa ya haki. Hata hivyo, mwezi Desemba 2022 watu kwa makumi walikufa katika wilaya ya Saran baada ya kunywa pombe ya magendo yenye sumu. Marufuku haikuwaua, waliouawa waliuawa na walanguzi. Lakini mlanguzi hawezi kustawi mahali ambapo msimamizi wa sheria yu macho na hapokei kitu.

Ipo njia nyingine. Mwaka 1922 wananchi wa Sweden walipiga kura ya maoni, na waliopinga marufuku wakashinda kwa kura chache. Serikali haikuuchukua ushindi huo kuwa ruhusa ya ulevi. Hadi mwaka 1955 mnunuzi wa pombe kali alitakiwa kuwa na kitabu cha mgao. Tangu hapo, ukiacha bia hafifu, pombe ya kuchukua nyumbani imekuwa ikiuzwa hasa na shirika la umma, Systembolaget, ambalo maduka yake hayafunguliwi Jumapili wala hayamuuzii mtu aliye chini ya umri wa miaka 20. Shabaha ni kuondoa tamaa ya faida binafsi kati ya muuzaji na mnywaji.

Nasi tunao mfano wetu. Tarehe 1 Machi, 2017, viroba vilipigwa marufuku Tanzania. Pombe kali haikukatazwa. Kilichokatazwa ni kile kifuko cha plastiki cha bei ndogo, ambacho mwanafunzi aliweza kukificha ndani ya soksi na kuingia nacho darasani. Ninyi walimu mnajua nisemayo. Katazo hilo lilikuwa na shabaha inayoonekana, na kila mwananchi aliweza kulielewa.

Ndugu zangu, mafunzo ni matatu. Kwanza, katazo lilenge madhara yanayojulikana: umri, saa, bei, na mahali pa kuuzia. Pili, mama anayepika gongo ili alipie sare za wanawe hapana budi aonyeshwe riziki nyingine kabla ya mtungi wake kumwagwa. La sivyo atahamia kichakani na kuendelea. Tatu, nalo ndilo zito kuliko yote, sheria ya pombe hufa mikononi mwa wanaoisimamia. Ofisa aliyeketi baa saa tano asubuhi, siku ya kazi, hana ulimi wa kumwambia mwenye baa afunge. Mwalimu anayenuka pombe ubaoni hawezi kumkanya mwanafunzi aliyelewa.

Kabla hatujaomba sheria mpya, basi, tuzitii zile za saa za kazi tulizo nazo. Hilo halihitaji bajeti wala muswada. Linaweza kuanza kesho asubuhi, katika ofisi zetu na katika shule zetu.