Hakuna shefu, lakini mtandao unakufa



Tunapenda kusema kwamba kitu kisicho na shefu hakiangushwe. Tuangalie kama ni kweli.

Mwaka 1999, kule Marekani, Napster ilianza. Watu walipeana miziki, mashini kwa mashini. Lakini orodha ya nani ana nini ilikaa kwa kampuni moja. Mwaka 2001 tribinali ikaamua, orodha ikazimwa, mamilioni wakabaki mikono mitupu.

Gnutella ilikuja mwaka 2000 bila katikati. Hakuna mlango wa kufunga. Mwaka ule ule watafiti wawili, Adar na Huberman, wakapima: karibu watu 70 juu ya 100 hawakutoa faili hata moja. Mtu 1 juu ya 100 ndiye alibeba karibu nusu ya majibu. Hao wachache wakichoka ao wakikamatwa, kunabaki jina tu.

Sisi tunajua mlango mmoja ni nini: tarehe 31/12/2018, kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa inchi nzima. Kwa hiyo tunakataa mlango mmoja. Ni vizuri, lakini haitoshi.

Tujiulize: picha na ripoti zetu ziko kwa simu ya nani? Ni kwa wale wale wawili, watatu. Kila mmoja wetu achukue, ahifadhi, ampe mwenzake.

Tukiwa wachukuaji tu, hakuna haja ya mtu kutuzima. Tutajizima sisi wenyewe.