Mpira Hauendeshwi kwa Kinywa

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani na mmoja wao, aliyepata kuwa katibu wa chama cha mpira wa miguu wilayani



Kwanza kabisa napenda kuishukuru Kamati ya Maandalizi kwa kunikumbuka. Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya uendeshaji na ukuzaji wa mpira wa miguu katika mkoa wetu wa Mwanza. Nilipoisoma nilicheka peke yangu. Waliosoma nami wanajua kuwa sikupata kupangwa katika timu ya shule hata siku moja. Kazi yangu ilikuwa kubeba daluga za wenzangu na kuandika nani kafunga bao dakika ya ngapi. Lakini huenda Kamati ilijua ilifanyalo, maana maisha yangu yote katika mpira nimeyamaliza vivyo hivyo, kwa kalamu.

Wako wazee humu wanaoikumbuka tarehe 10 Agosti 1974. Siku hiyo Yanga na Simba walikutana hapa Mwanza, katika Uwanja wa Nyamagana, kuamua nani awe bingwa wa taifa. Yanga walishinda mabao 2 kwa 1. Hadi leo, ukikaa na watu wa rika langu, watakusimulia bao la kusawazisha la Gibson Sembuli na lile la ushindi la Sunday Manara kana kwamba wameyaona jana jioni. Sasa nawauliza: ni nani anayemkumbuka aliyechora mistari ya uwanja siku ile? Ni nani anayemkumbuka aliyekata tiketi, au aliyewatafutia waamuzi mahali pa kulala? Hakuna. Na bila hao mchezo usingalichezwa. Leo nataka niwasemee hao.

Ndugu zangu, mpira wenyewe hauhitaji chama. Watoto wakipata matambara na kamba wanafunga chandimu, mawe mawili yanakuwa goli, na hapa kwetu mawe hayana shida, mchezo unaanza. Chama huhitajika siku ile timu ya mtaa mmoja inapotaka kucheza na timu ya mtaa wa pili, na kila upande umekuja na refa wake. Hapo ndipo inapotakiwa sheria moja kwa wote, mwamuzi asiye wa upande wowote, ratiba inayojulikana mapema, na mahali pa kupeleka malalamiko. Mambo hayo manne ndiyo chama. Mengine yote, kama vile vikombe, jezi na kupiga picha na wakubwa, ni mapambo.

Hata huko Uingereza walianzia hapo hapo. Mwezi Oktoba 1863 wawakilishi wa klabu kadhaa walikutana London, kila mmoja akija na mpira wa kwao. Wengine waliruhusu kuukimbiza mpira mikononi, wengine waliona ni halali kumpiga mwenzio teke la ugoko. Walikaa vikao sita hadi Desemba ndipo sheria zikapita, na waliozikataa wakaenda zao. Aliyeziandika rasimu sheria hizo alikuwa katibu wao, mwanasheria Ebenezer Morley. Chama cha kwanza cha mpira duniani, basi, kilianza na kitabu cha kumbukumbu za vikao.

Wala tusidhani kuwa mashindano yenye utaratibu yaliletwa hapa na wageni. Wasukuma wana vyama vyao viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo vimeshindana tangu karne ya kumi na tisa. Aliyepata kwenda Bujora wakati wa sherehe za Bulabo anajua jinsi kila upande unavyojiandaa kumvuta mtazamaji aache upande wa pili. Lakini angalieni jambo moja. Mgika asipokuwapo Mgalu, atamtambia nani? Mahasimu huhitajiana. Kiongozi wa mpira asiyelijua hilo hukigeuza chama kuwa mali ya timu yake, na siku timu nyingine zinapoacha kuja, anabaki na kombe na hana wa kushindana naye.

Vijana, pengine mnadhani chama cha wilaya ni kitu kidogo. Hebu tuhesabu ngazi. Kijana wa Ngudu au wa Nansio anaanzia ligi ya wilaya, ambayo ni daraja la nne. Bingwa wa wilaya huenda ligi ya mkoa, daraja la tatu. Bingwa wa mkoa huenda kwenye Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, na kutoka hapo kuna First League, kisha Championship, ndipo Ligi Kuu. Ngazi ya chini kabisa inashikwa na mtu mmoja mwenye faili la fomu za usajili. Akilipoteza faili lile, au akipokea fomu za mamluki kwa kuwa ni wa timu anayoipenda, basi kijana wa haki amekwisha kabla hajaonekana.

Sasa nitawaambieni jambo ambalo sijapata kulisema mbele ya watu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa katibu wa chama cha wilaya. Mweka hazina wetu alikuwa mmoja wetu, alisoma hapa, akinitangulia kwa madarasa mawili. Nilimwita Kaka. Siku ya fainali ya kombe la wilaya watu walijaa kupita tulivyotazamia, na kabla ya mapumziko vitabu vya tiketi vikaisha. Kaka alinifuata akaniuliza, "Katibu, vitabu vimekwisha. Tufunge mlango?" Niliitazama foleni. Nikamjibu, "Pokea tu Kaka, tutaandika kesho."

Kesho yake tukawalipa waamuzi, tukalipa lori lililoleta wageni, tukampeleka hospitali kijana aliyevunjika mguu. Fedha zote zilikwenda zilikostahili kwenda. Hakuna aliyeandika. Miezi mitatu baadaye, katika mkutano mkuu, mjumbe mmoja alisimama akauliza mapato ya fainali yako wapi. Kaka alieleza kwa mdomo. Watu wakaguna. Mimi nilisimama nikasema kuwa namwamini mweka hazina wetu. Sikusema kwamba mimi ndiye niliyemwambia apokee bila kuandika. Nilikaa chini.

Kaka alijiuzulu siku ile ile. Timu mbili zilijitoa, na msimu uliofuata wilaya nzima haikuwa na ligi. Hebu fikirini vijana wa miaka kumi na saba na kumi na minane ambao mwaka wao ulipita hivi hivi. Mwaka wa mchezaji haurudi.

Baada ya miaka kadhaa nilimwendea Kaka nyumbani kwake nikamwomba radhi. Alinikaribisha vizuri, tukala sato pamoja. Kisha akaniambia, "Mdogo wangu, nimekusamehe. Lakini radhi umeniomba chumbani, na jina nililipoteza mkutanoni."

Ndugu Mwenyekiti, Kaka hayupo tena duniani. Familia yake imeniomba nisimtaje jina, na wanaomjua wamekwisha mtambua. Leo ni mkutano. Kwa hiyo nasema mbele ya mkutano: hakuiba hata senti moja. Kosa lilikuwa langu.

Nimewasimulia hayo kwa sababu ndiyo elimu yote ya uendeshaji niliyo nayo. Tangu siku ile, kila nilipopewa kazi katika mpira nilishika mambo matatu. La kwanza, kitabu cha stakabadhi kikiisha, mlango unafungwa, hata kama mkuu wa wilaya yuko kwenye foleni. La pili, hesabu ya mlangoni inafanywa jioni ile ile mbele ya viongozi wa timu zote mbili, nao wanatia sahihi. La tatu, karatasi ya hesabu hubandikwa ubaoni ili kila mtu aisome. Watu walisema nina roho ngumu. Lakini hakuna mweka hazina mwingine aliyeitwa mwizi. Ukweli ni kwamba stakabadhi humlinda mtu mwema zaidi ya inavyomzuia mwizi.

Nije kwenye suala la kukuza mpira. Mkoa wetu si kama mikoa mingine, maana sehemu kubwa ni maji. Timu ya Ukerewe ikija mjini kwa meli hutumia saa kadhaa ziwani, na mara nyingi lazima ilale. Kwa miaka mingi timu za Sengerema zilitegemea kivuko cha Kigongo na Busisi, na foleni ya magari ikiwa ndefu mchezo ulianza wachezaji wakiwa na njaa. Tunashukuru kuwa Daraja la J.P. Magufuli, la takriban kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Lakini daraja halipangi ratiba. Katibu mwenye busara hupanga michezo ya ligi kwa vituo, timu zikutane mahali pamoja kwa wiki moja na kumaliza michezo yao, badala ya kila timu kulipa nauli kila Jumamosi. Vilevile hapangi mchezo siku ya gulio kubwa, wala msimu ambao vijana wote wako shambani. Nauli ndiyo iliyoua timu nyingi za wilayani kuliko kufungwa mabao.

Jambo jingine ni mfuko. Zamani mashirika ya umma na viwanda vilikuwa na timu, mchezaji akapata na kazi. Mashirika yalipobinafsishwa au kufungwa katika miaka ya 1990, timu nyingi nchini zilikufa pamoja nayo. Mwanza yetu tumeonja utamu na uchungu. Pamba ilifika hadi kucheza Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1990, kisha ikashuka na kukaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20, hadi iliporudi mwaka 2024 kwa jina la Pamba Jiji. Toto African ilishuka mwaka 2017. Mwaka huo huo Mbao ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho na Simba kule Dodoma, na mwaka 2020 ikashuka, pamoja na Alliance. Gwambina ya Misungwi ilipanda mwaka 2020 na kushuka mwaka 2021. Kila timu ina habari zake, nami si hakimu wao. Ninalosema ni kwamba tajiri huja na kuondoka, na shirika huja na kuondoka. Chama cha wilaya chenye ada ndogo inayolipwa na kila timu kila msimu, na kuandikwa, ndicho kinachobaki kuibua timu nyingine pale moja inapoanguka.

Sasa tufanye nini sisi tuliokusanyika hapa?

Wenzangu tuliosoma zamani, kila tunapokutana tunachanga tununue jezi. Ni jambo jema, na vijana hufurahi. Lakini jezi huchakaa msimu mmoja, na refa aliyefundishwa huchezesha miaka ishirini. Naomba safari hii mchango wetu ugawanywe. Nusu iwe jezi, nusu iwe kulipia mafunzo ya uamuzi kwa vijana kumi wanaomaliza hapa. Sheria za mpira ni 17 tu. Mwanafunzi aliyeweza kukariri jedwali la elementi hazitamshinda. Na mimi mwenyewe, kwa uzee wangu huu, niko tayari kuja siku za Jumamosi kuwafundisha vijana kuandika ripoti ya mchezo, kumbukumbu za kikao na leja rahisi.

Nanyi vijana, kila timu ina watu kumi na mmoja uwanjani, na shule hii ina mamia. Maana yake wengi wenu hamtapangwa, kama mimi sikupangwa. Msiondoke uwanjani. Tafuteni daftari. Andikeni majina ya waliocheza, mabao, kadi, na senti iliyoingia. Wakiwacheka waacheni wacheke. Mpira unachezwa kwa miguu, lakini hauendeshwi kwa kinywa. Na iko siku, katika mkutano fulani, mtu mwema atatuhumiwa, na daftari lenu ndilo litakalosimama kumtetea. Likikosekana daftari, basi simameni ninyi wenyewe mseme mlilolifanya. Msikae chini kama nilivyokaa mimi.

Baada ya kusema hayo, nawatakieni mchezo mwema jioni hii kati ya wazee na wanafunzi. Nimeombwa nipige filimbi ya kuanza, na nimekubali kwa sharti moja, kwamba viingilio vya mchangani leo vikatiwe stakabadhi.