Kupiga Picha za Tai Msituni



Magharibi mwa Kenya, katika msitu wa Kakamega, wanyama na mimea mingi ni jamaa ya ile ya misitu ya Kongo. Humo huishi tai mwenye kishungi kichwani, ndege hodari sana: uzito wake hupata kilo 3 hadi 4, naye huweza kumwua kima, perere na hata paa mdogo. Wapiga picha humtafuta kwa bidii, lakini wengi hurudi na picha ya kivuli cheusi tu. Mara nyingi kosa si la kamera, bali ni kutoufahamu mwanga wa msituni.

Chini ya miti mikubwa, mwanga ufikao ardhini kwa kawaida haupiti asilimia 2 ya ule ulio juu ya majani. Maana yake ni kwamba picha ambayo mahali pa wazi ingepigwa kwa sehemu ya 1/1000 ya sekunde, kivulini hutaka 1/20 au muda mrefu zaidi. Katika muda huo tai akigeuza kichwa tu, picha imeharibika. Kamera za siku hizi zisizotumia filamu zaweza kufanywa zipokee mwanga kwa wepesi zaidi, lakini wepesi huo ukizidishwa, picha hujaa chembechembe.

Taabu ya pili ni mbingu. Tai hukaa juu, na nyuma yake huwa pana weupe mwingi. Kamera hupima weupe huo, na tai hutoka mweusi kama mkaa. Mpiga picha hana budi kupima mwanga ulio juu ya ndege mwenyewe, au kuuongeza mara 2 hadi 4, hata kama mbingu zitapotea. Wala jua la adhuhuri lisidhaniwe kuwa msaada. Hupenya majani kwa madoadoa, nusu ya ndege iking'aa na nusu ikizama gizani. Asubuhi yenye mawingu mepesi ni bora, kwa kuwa mwanga huenea sawasawa. Kamera na iwekwe juu ya kiweko cha miguu mitatu, na mpiga picha angoje hata tai atulie kabisa. Naye hutulia muda mrefu aviziapo windo. Nafasi nyingine njema ni ukingoni mwa msitu, dume arukapo juu sana, akipanda na kushuka huku akilia.

Wapo wautafutao mwanga kwa panga, wakikata matawi karibu na kiota. Jambo hili ni baya sana. Tai huyu hutaga yai 1 au 2, na kwa kawaida kinda mmoja tu ndiye akuaye. Mayai huatamiwa siku 49 hivi. Kinda hukaa kiotani zaidi ya miezi 3, na akisharuka bado hulishwa na wazazi kwa miezi mingi. Kwa sababu hiyo jozi nyingi hukuza kinda mmoja tu katika miaka 2. Majani yakatwayo ndiyo yaliyomkinga na jua, mvua na macho ya adui. Kinda akifa, kazi ya miaka 2 imepotea kwa ajili ya picha moja.

Hatari haiko upande wa ndege peke yake. Mwaka 1937, Eric Hosking, mpiga picha mashuhuri wa Uingereza, alipoteza jicho la kushoto kwa kucha za bundi aliyekuwa akilinda kiota. Tai mwenye kishungi ana nguvu kupita bundi yule, wala hamwogopi mtu apandaye mti wake.

Basi mpiga picha mwenye busara hukaa mbali, hutumia lenzi ndefu, na huondoka mara aonapo wazazi wameacha kuja kiotani. Akikosa picha leo, mwanga utarudi kesho, na tai atakuwapo. Subira yavuta heri.