Udongo wa Mfinyanzi: Matundu Mengi, Maji Hayapiti

Mazungumzo kwa wakulima wanaojiandaa kuchimba silanga kabla ya mvua



Silanga ikichimbwa mahali pasipofaa, mvua huijaza, na baada ya wiki chache hubaki tope. Jasho na pesa za mkulima zimezama ardhini. Kwa hiyo ni vyema kuujua udongo kabla ya kushika jembe.

Wengi hudhani mchanga ndio wenye nafasi nyingi ndani yake, kwa kuwa hupitisha maji upesi. Sivyo. Katika udongo wa mfinyanzi, nafasi kati ya punje huchukua asilimia 40 hadi 70 ya ujazo wote. Mchanga una asilimia 25 hadi 50, na changarawe 25 hadi 40. Mwamba mgumu usio na nyufa una chini ya asilimia 5.

Mbona basi mfinyanzi hauvuji? Punje zake ni ndogo kuliko milimita 0.002, hivyo matundu yake ni mengi lakini membamba mno, na maji hung'ang'ania punje. Ni kama mji wenye vichochoro elfu ambavyo mtu hapenyi. Mchanga una njia chache, lakini ni pana na zimeungana.

Hata mtungi wa udongo uliochomwa una matundu. Maji hupenya polepole, hukauka kwa nje na kuondoka na joto. Ndiyo sababu maji yake huwa baridi kuliko ya jerikeni.

Kwa silanga, tafuteni mfinyanzi. Utandazeni kwa tabaka ukiwa na unyevu, kisha mshindilie kila tabaka. Angalizo: udongo mweusi hupasuka ukikauka, na maji hupita kwenye nyufa hizo hadi udongo ufure tena. Penye mchanga, tandikeni karatasi ya plastiki ya mabwawa.

Kwa mabwawa ya mchanga, kama yale ya Machakos, Makueni na Kitui, mambo hugeuka. Hapo hutakiwa mchanga wa chembe kubwa, kwani huficha maji yasikaushwe na jua na huyatoa yanapochotwa. Mfinyanzi ungeyashika usiyaachie. Kila lori la mchanga linalotoka mtoni hubeba sehemu ya ghala la maji ya kijiji.

Mchanga huohuo hupitisha pia uchafu wa choo hadi kisimani. Msichimbe viwili hivyo karibu.

Kupima ni rahisi. Lowesheni udongo, muufinyange uwe kamba nyembamba, kisha muikunje iwe pete. Isipokatika, mfinyanzi ni mwingi. Halafu chimbeni shimo la kufika magotini, mlijaze maji, na yakinywewa mlijaze tena jioni. Asubuhi, kama maji yamepungua kidogo tu, mahali hapo panafaa. Kama yamekwisha, tafuteni pengine kabla ya kutumia shilingi.