Jicho Lisilouma: Kisukari na Mkulima wa Mpunga
(Mazungumzo na wajumbe wa kamati za parokia, Ifakara)



Tunapozungumzia kisukari na macho, wengi wetu tunafikiria nyuma ya jicho, ambako mishipa midogo ya damu huharibika. Hilo ni kweli, na tunalisema mara kwa mara. Leo naomba tutazame mbele ya jicho, maana hapo ndipo ugonjwa huu unapokutana na kazi yetu ya mpunga.

Mbele ya jicho kuna kioo chembamba kiitwacho konea. Katikati unene wake ni kama nusu milimita tu. Hakina mishipa ya damu, na hivyo mwanga unapita bila kizuizi. Lakini kina mishipa ya fahamu mingi sana. Ndiyo maana chembe ya mchanga ikikuingia jichoni hutulii mpaka itoke. Maumivu hayo ni mlinzi.

Kisukari kikikaa mwilini miaka mingi bila kudhibitiwa, humlaza mlinzi huyo. Mnawafahamu wagonjwa waliochomwa na mwiba mguuni wasijue, hadi kidonda kikaoza. Jicho nalo hufa ganzi vivyo hivyo. Tena machozi hupungua, na konea ikichubuka huchelewa kupona.

Sasa tumfikirie mama mwenye kisukari anayepeta mpunga wakati wa mavuno. Pumba inamkwaruza jicho. Jirani yake asiye na kisukari angeacha ungo na kuomba msaada papo hapo. Yeye anahisi muwasho kidogo, anapangusa kwa khanga na kuendelea. Pumba na majani yanaweza kuingiza fangasi au bakteria kwenye mchubuko. Siku kadhaa baadaye jicho ni jekundu na lina doa jeupe. Lakini yuko shambani, mbali na barabara, na nauli hana. Anatia maji ya majani, au matone aliyoazimwa na jirani. Matone mengine yana steroidi: wekundu unapungua, huku fangasi wakizidi kustawi. Hata kidonda kikipona, kovu jeupe hubaki likiziba mwanga.

Kwa hiyo, mgonjwa wa kisukari akisema, "Haliumi sana," tusitulie. Kwake yeye, jicho jekundu au lenye ukungu ni jambo la haraka hata kama haliumi.

Tusidhani wagonjwa hawa ni wachache. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliona kisukari kwa watu kama 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Wengi hawajijui.

Naziomba kamati mambo matatu:

1. Kabla ya mavuno, wahimizeni watu wapime sukari, na wenye kisukari wachunguzwe macho yote, mbele na nyuma.

2. Wakati wa kupura na kupeta, mwenye kisukari avae miwani ya kukinga macho, na jioni mtu wa nyumbani amtazame macho yake kwenye mwanga.

3. Jicho likiwa jekundu, asitie dawa yoyote ya kuazima. Afike siku hiyo hiyo kituo cha afya, au Hospitali ya Mtakatifu Fransisko hapa Ifakara, na aseme mapema kwamba ana kisukari. Kwa tone la rangi na taa ya buluu, mchubuko usioonekana kwa macho huonekana.

Kwa wafadhili, ombi langu ni dogo: nauli ya dharura katika kila parokia, na vipimo vya sukari. Jicho lililowahishwa hutibiwa kwa matone. Likichelewa, familia inaweza kumpoteza mvunaji, na wakati mwingine mtoto huacha shule ili amwongoze njia.